Mrejesho: Mwanangu, mwalimu wake na kuangalia watu machoni

Ndugu zangu, nilileta hapa suala la kijana wangu wa darasa la nne, hapa Lexington, Kentucky, Marekani. Mwalimu alilalamika kuwa haangalii mtu machoni, na mama yangu, aliyetulea kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania, hataki kabisa mtoto amkodolee macho mkubwa.

Yule ndugu aliyeniambia niombe mkalimani, Mungu ambariki. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inazibana shule zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho: lazima ziwasiliane na mzazi kwa lugha anayoielewa, na wewe hulipi kitu. Msikubali mtoto awatafsirie, ya kwake atayaruka.

Tukakaa na mwalimu, mama naye kavaa kitenge chake kipya. Nikaeleza kwamba kwetu Fizi, Kongo, kuinamisha macho ni adabu. Kwenye ripoti kulikuwa kumeandikwa hasikilizi darasani. Mwalimu akamwomba arudie somo la asubuhi. Kijana akalimwaga lote huku anatazama viatu vyake. Ile sentensi ikafutwa pale pale.

Sasa shuleni anainua kichwa, nyumbani anapokea sahani ya bibi yake kwa mikono miwili, macho chini. Wale mliosema hapa kwamba atachanganyikiwa akifuata adabu mbili, sijaliona hilo. Mama bado ana hofu kwamba ya shuleni yatameza ya nyumbani, na ninamwelewa.

Kinachonisumbua sasa ni kwamba bibi akimsemesha Kiswahili, anajibu kwa Kiingereza. Aliyepitia hili anisaidie tafadhali.