Naomba ushauri: kumtofautisha nyoka aitwaye ukukwi na nyoka mwenye sumu kali, mamba wa kijani, bila kumshika

Habari wakuu. Tunaandaa mafunzo kwa wachuma chai wa Amani, Usambara Mashariki, ili ukukwi wasiendelee kuuawa bure kwa kudhaniwa mamba. Hawana sumu, wanakula hasa vyura na mijusi. Urefu hautoshi kuwa kigezo: ukukwi mkubwa hufika kama mita 1, na mamba ambaye hajakomaa naye huwa hivyo. Kichwa kinasaidia zaidi. Cha mamba ni kirefu chembamba, jicho dogo. Cha ukukwi kifupi, jicho kubwa la duara. Kinachotukwamisha ni nyoka wa tatu, bumslangi dume wa kijani: naye ana jicho kubwa, na ule mstari ulioinuka katikati ya kila gamba huonekana kwa karibu tu, ilhali sumu yake huzuia damu kuganda. Ni alama gani inayoaminika kutoka mita 5? Na picha ipigwe upande gani?