Hoteli yenye milo yote au nyumba yenye jiko? Safari na mtu mwenye mzio wa chakula

Msafiri_Njiani
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa haraka. Mwezi ujao tunasafiri kifamilia na mmoja wetu ana mzio wa chakula. Nimebakiwa na machaguo mawili: hoteli ambayo milo yote mitatu imo ndani ya bei, chakula kinapangwa mezani na kila mtu anajipakulia, au nyumba ya kupangisha yenye jiko, tupike wenyewe na siku nyingine tule mgahawani. Hoteli wananishikilia nafasi hadi keshokutwa jioni. Ipi ni salama zaidi?

Dada_Mkubwa
Mzio wa nini? Ni mtoto au mtu mzima? Amewahi kubanwa pumzi, au ni mabaka ya ngozi tu? Sindano ya adrenalini, ile ya dharura mzio ukimshika, anayo? Mnakwenda nchi gani? Bila hayo kila atakayejibu atakuwa anabahatisha, na hili si jambo la kubahatisha.

Kisu_Kikali
Nyumba yenye jiko, wala usijiulize mara mbili. Nimepika hotelini miaka mingi, na mtu wangu mwenye mzio simpeleki kwenye meza ya kujipakulia. Si kwamba wapishi hawajali. Chakula kikishatoka jikoni hakina msimamizi tena. Mgeni anachukua kijiko cha mchuzi wa karanga, anachotea mboga za sinia la pili, anakiacha humo na kuondoka. Kibao kilichosimama mbele ya sinia bado kinasema hakuna karanga. Sisi kule ndani hatuna habari.

Begi_Mgongoni
Mkuu, wewe unatazama meza tu. Uzuri wa hoteli ni kwamba jiko ni moja na watu ni walewale. Ukimwandikia mpishi mkuu kabla ya safari na kuonana naye siku ya kufika, chakula cha mwenye mzio kinapikwa pembeni na kuletwa mezani kikiwa kimefunikwa. Mgahawani kila siku unaanza upya na watu wapya. Na hiyo nyumba ya kupangisha, kibao cha kukatia na kikaangio vimepitia mikono ya wapangaji wangapi?

Msafiri_Njiani
Ni kijana wetu, ana miaka 10. Karanga na ufuta. Aliwahi kubanwa pumzi alipokuwa mdogo. Sindano anayo, moja. Tunaanzia Ufaransa, tunamalizia Uingereza. Kifaransa hatujui hata kidogo.

Dada_Mkubwa
Sindano moja haitoshi. Dalili zisipopungua ndani ya dakika 5 hadi 15, anahitaji ya pili, na gari la wagonjwa linaweza kuwa bado halijafika. Mwone daktari wake wiki hii akuandikie nyingine, na umwombe ampime uzito upya. Ya miligramu 0.15 ni ya watoto wadogo. Akishafika kilo 25 au 30, madaktari wengi humhamishia ile ya 0.3. Hilo lishughulikie kabla hujaamua habari ya hoteli.

Wakili_wa_Meza
Kisheria umechagua mahali pazuri. Umoja wa Ulaya una Kanuni namba 1169 ya mwaka 2011, ilianza kutumika Desemba 2014. Vipo vyanzo 14 vya mzio ambavyo muuzaji wa chakula analazimika kuvitaja, hata kwa chakula kisichofungashwa, na mgahawa umo. Karanga na ufuta vyote vimo katika hivyo 14. Ufaransa imekwenda mbele zaidi, inataka taarifa hizo ziwe kwa maandishi, kwa hiyo una haki ya kuomba kuonyeshwa orodha. Uingereza iliongeza Sheria ya Natasha mwezi Oktoba 2021, baada ya binti wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, kufariki mwaka 2016 kwa sababu ya ufuta uliokuwa ndani ya mkate ambao lebo yake haikuutaja. Siku hizi chakula kinachofungashwa palepale dukani kabla ya mteja kukiagiza lazima kiwe na orodha kamili ya viambato.

Lakini yale maneno "huenda kina chembechembe za karanga" ni hiari ya mtengenezaji. Yasipokuwepo, usidhani kiwanda hakigusi karanga.

Mama_Subira
Sheria ni nzuri, ila haisimami jikoni. Mdogo wangu ana mzio wa kamba na kaa. Tuliingia mgahawa mmoja tukiwa safarini, akaagiza kuku na viazi vya kukaanga. Nilimuuliza mhudumu kama viazi vinakaangwa kwenye mafuta yaliyokaangiwa kamba. Aligeuza shingo kuelekea mlango wa jikoni, hakunyanyua mguu, akasema hakuna shida. Nikamwomba aende akaulize. Alikwenda, na kabla mlango haujaacha kuchezacheza alikuwa amesharudi: mpishi amesema sawa.

Alikula viazi vichache tu. Akaanza kujikuna viganja. Halafu ulimi unawasha, midomo ikavimba, sauti ikakauka. Akasimama, anataka kwenda chooni kwa sababu watu walikuwa wanamtazama. Nilimshika nikamlaza palepale sakafuni. Usimwache mtu aliye katika hali hiyo aende chooni peke yake, na usimsimamishe ghafla, presha inaweza kushuka akaanguka. Alale na miguu iinuliwe, na kama pumzi ndiyo inambana zaidi aketi huku miguu imenyooshwa. Nikamchoma sindano pajani, upande wa nje, juu ya suruali. Meneja akaja na glasi ya maziwa, eti anywe yatakata sumu. Nilimwambia aiondoe, apige simu ya dharura.

Hospitali walimweka chini ya uangalizi kwa saa kadhaa hata baada ya kupata nafuu, kwa sababu dalili huweza kurudi. Kesho yake nilirudi pale mgahawani. Mpishi mwenyewe akaniambia kikaangio ni kimoja tu, na hakuna aliyemuuliza chochote jana yake. Mhudumu alikuwa ameingia mlango mmoja na kugeuza.

Tangu hapo sikubali jibu la mhudumu. Nataka mpishi atoke, au mimi niende dirishani.

Kisu_Kikali
Pole sana, dada. Hayo ya kikaangio ndiyo ninayowaeleza watu kila siku. Watu wanadhani moto unaua kila kitu. Unaua vijidudu, lakini protini ya karanga, ambayo ndiyo inayoamsha mzio, haiondoki kwa kukaangwa, tena karanga iliyobanikwa inaweza kuwa kali zaidi kwa mwenye mzio. Msafiri, uliza hivi: "Mna kikaangio kilichotengwa, kisichoguswa na karanga?" Usiulize, "Kuna karanga?" Swali la pili jibu lake ni hapana, na hapana hiyo itakuwa ya kweli, ila haitakusaidia.

Mchambuzi
Mbona mafuta ya karanga yaliyosafishwa sana kiwandani wengi wenye mzio huyavumilia? Protini karibu yote imeshatolewa.

Dada_Mkubwa
Ni kweli kwa yaliyosafishwa. Yaliyokamuliwa bila kusafishwa protini bado imo. Sasa mgahawani nani atakuonyesha dumu? Kwa mtoto aliyewahi kubanwa pumzi, jibu ni hapana kwa yote.

Begi_Mgongoni
Wengine nao wanatuharibia. Rafiki yangu maziwa yanamjaza tumbo gesi, lakini kila mahali anasema ana "mzio wa maziwa", halafu mwisho wa mlo anaagiza aiskrimu. Mhudumu akiona hivyo, mteja anayefuata hamwamini.

Mchambuzi
Kushindwa kumeng'enya laktosi nako ni tatizo, usimdharau.

Begi_Mgongoni
Simdharau. Ila laktosi ni sukari na shida iko kwenye umeng'enyaji, mzio ni kinga ya mwili inaishambulia protini. Mmoja ataumwa tumbo, mwingine anaweza kufa. Aseme kilicho kweli, "maziwa hayanipatani", na atahudumiwa vilevile.

Kisu_Kikali
Jikoni tunapoambiwa mzio tunaosha meza, tunabadilisha glavu, tunachukua sufuria safi, oda nyingine zinasubiri. Tunafanya kwa moyo. Ukimwona huyohuyo anakula alichokikataa, inauma.

Wakili_wa_Meza
Turudi kwa mleta mada. Tafuta mtu anayekijua Kifaransa vizuri akuandikie kadi ya kumpa mpishi. Itaje karanga na ufuta, pamoja na vile vinavyofichamo: michuzi, mikate, mafuta, unga wa ufuta. Iseme kwamba kisu, ubao na mafuta ya pamoja navyo ni hatari. Umalizie hivi: kama huna uhakika tuambie tu, tutakula kwingine bila kinyongo. Hapo mpishi anapata mlango wa kukataa. Ichape nakala kadhaa, maana nyingine zitabaki jikoni.

Mama_Subira
Na msiingie saa ya msongamano. Nendeni mapema, jiko likiwa bado limetulia.

Msafiri_Njiani
Asanteni sana. Mama_Subira, nimekusoma nikiwa na mke wangu, pole kwa yaliyowapata. Nimemwandikia mpishi wa hoteli nikamuuliza kuhusu kikaangio na kama anaweza kumpikia kijana pembeni. Akijibu kabla ya keshokutwa nitajua. Mke wangu yeye anataka nyumba, na kikaangio tubebe chetu. Na ndani ya ndege je?

Dada_Mkubwa
Sindano zikae kwenye begi la mkononi, zisiende kwenye mizigo ya chini ambako baridi inaweza kuziharibu. Barua ya daktari iwe pamoja nazo. Meza ya kiti na mikono yake ifute kwa vitambaa vyenye unyevu. Mikono aoshe kwa sabuni na maji. Jeli ya kileo haiondoi protini ya karanga, inaisambaza tu. Chakula chake mbebe cha kutosha, ndege ikichelewa msitegemee cha uwanjani.

Mpya_Hapa
Samahani kwa kuingilia. Binti yangu ana mzio mkali wa mayai na tunakokwenda wanadai chanjo ya homa ya manjano. Nasikia inatengenezwa kwa mayai. Ni kweli?

Dada_Mkubwa
Ni kweli, virusi vyake hukuzwa ndani ya mayai ya kuku yenye kiinitete. Usimpeleke achomwe kabla hajaonwa na daktari wa mzio. Daktari akiona haifai anaweza kuandika cheti cha msamaha wa kitabibu, ila waulize ubalozi mapema kama nchi hiyo inakikubali. Mzio wake uligunduliwaje, kwa kipimo au baada ya kula? Na mnakwenda nchi gani?