Tupeane uzoefu: siku uliyoisahau kesho ukafurahi hapo hapo ulipo

Nyanza_Kwetu
Wakuu, habari za mchana. Jana nimepita Daraja la Kigongo–Busisi, lile la Ziwa Victoria hapa Mwanza, nikitokea Sengerema. Kilomita 3 zimeisha kabla sijamaliza kusikiliza meseji moja ya sauti. Nafika Usagara ndipo nastuka: hata maji sijayaona!

Nikakumbuka enzi za feri, kabla ya Juni 2025. Ukikuta foleni huna ujanja. Unashuka kwenye basi, unanunua mahindi ya kuchoma, unabishana Simba na Yanga na mtu usiyemjua. Nilikuwa nalaani kila dakika. Siku moja simu ikaisha chaji, nikakaa juu ya jiwe nikamwangalia mnandi anakausha mbawa, kazitandaza kama shati kwenye kamba. Madeni yalikuwepo, bosi alikuwepo, ila kwa ile nusu saa vyote vilikaa kimya.

Haya, wewe ilikuwa lini?

Kapera wa Nyakato
Nakazia. Daraja limetuokolea muda, na muda wenyewe tunaumalizia kwenye simu.

Dereva_Geita
Acheni utani. Nyie mnakula mahindi, sisi tuna mgonjwa kwenye gari na feri iko ng'ambo. Usitamani feri kwa ajili ya ndege.

Nyanza_Kwetu
Sijasema daraja livunjwe, mkuu.

Dereva_Geita
Umesema kwa kuzunguka.

Mama Dagaa Kirumba
Sikutaka kuandika ila mmenitonesha kidonda. Mwaka juzi nilikuwa naleta mzigo kutoka visiwa vya Ukerewe, magunia 17 ya dagaa, nusu ya mtaji ni mkopo wa kausha damu. Wanaojua wanajua. Marejesho kila wiki, ukilala unamuota yule binti wa makusanyo na daftari lake. Miaka miwili nilikuwa nakula bila kusikia ladha, kichwani najumlisha na kutoa.

Tulichelewa kupakia, tukatoka jioni. Giza limeshika, injini ikakohoa mara mbili ikazima. Nahodha akavuta kamba mpaka kiganja kikachubuka. Halafu upepo ukaanza. Wimbi la kwanza likaingia lote ndani. Mimi nalia, nahesabu magunia kwa sauti kama mwendawazimu. Nahodha akanirushia galoni iliyokatwa nusu, akafoka: "Mama, acha kuhesabu! Chota!"

Nikachota. Sijui zilipita saa ngapi. Kulikuwa na galoni, maji na mkono wangu, basi. Magunia 11 yalitupwa ziwani, mawili niliyasukuma mwenyewe, na naapa sikusikia uchungu. Yule binti wa daftari hakuwemo kabisa kichwani.

Alfajiri ziwa likatulia. Kwa mbali taa za wavuvi wa dagaa zinazimwa moja moja, kama mji unaokwenda kulala. Nahodha akafungua kitambaa, akanipa matobolwa mawili, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Yalikuwa makavu, yameingia maji kidogo upande mmoja. Nikatafuna taratibu, nikasikia utamu wa kiazi unatoka kidogo kidogo mpaka nyuma ya ulimi. Nikaanza kucheka. Nahodha akadhani akili imeruka.

Mkopo? Walikuja wakabeba friji na televisheni. Nililia wiki nzima, msidhani niligeuka malaika.

Binti Nansio
Mayu, pole sana. Nimesoma mara mbili, ugali umepoa.

Mtaalamu wa Mawimbi
Hii chai. Mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, dagaa hawafuati taa kukiwa na mwanga. Hizo taa umeziona wapi?

Mama Dagaa Kirumba
Nani kataja mbalamwezi? Soma tena, nimeandika giza.

Mtaalamu wa Mawimbi
Na upepo wa usiku unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Ungewapeleka katikati huko.

Mama Dagaa Kirumba
Ndiko tulikokuwa! Unadhani wale wavuvi tuliwakutia wapi? Wao ndio walitufunga kamba wakatuvuta mpaka mchana.

Mtaalamu wa Mawimbi
Sawa. Chai, ila haina sukari.

Kapera wa Nyakato
Mkuu, omba msamaha ukalale.

Mpwa
Mjomba wangu yupo makaburini Igoma na wenzake waliozama na meli ya MV Bukoba. Kila tarehe 21 Mei nakwenda. Hata kuomba siombi sana, nang'oa majani tu, na ndiyo saa pekee ya mwaka sina haraka. Mama Dagaa, nunua boya.

Mama Dagaa Kirumba
Ninalo sasa, mwanangu.

Mpishi wa Mwaloni
Dawa ninayo: sato. Mle kwa mikono huku unachati, uone mwiba utakavyokuita kwa jina. Furu ndiyo kiboko. Mdogo, miba kibao, ukiwaza marejesho unaishia hospitali.

Ticha_Buhongwa
Mtu ana ada ya Januari mnamwambia aishi leo? Hayo ni maneno ya wenye nyumba Capri Point.

Boda wa Igoma
Ticha, ada haipungui ukiiwaza bafuni.

Ticha_Buhongwa
Wala haiongezeki.

Boda wa Igoma
Si ndicho nilichosema!

Ticha_Buhongwa
Boda, wewe ukiacha kuwaza ya mbele tutakuokota mtaroni.

Boda wa Igoma
Barabarani nawaza shimo la mbele, siyo la Januari.

Binti Nansio
Mimi jioni nakaa ufukweni pale Kamanga, naliangalia Jiwe la Bismarck mpaka linageuka jeusi. Bure kabisa.

Dereva_Geita
Nilijaribu hiyo. Nikaibiwa simu.

Kapera wa Nyakato
Ndipo ukaliona jiwe vizuri.

Dereva_Geita
Nililiona, ndiyo. Kisha nikaishia polisi... acheni tu, ni habari ndefu.

Kapera wa Nyakato
Hahaha. Mama Dagaa, samahani, gunia linauzwaje sasa? Na Desemba unadhani litapanda?

Binti Nansio
Jamani, Kapera! Uzi mzima huu na wewe upo Desemba?

Mama Dagaa Kirumba
Mwache, huyo mteja. Njoo inboksi.