Faiba za kazi maalum zina tofauti gani na hizi za mtaani?

fundi_nkuhungu: Wakuu, nipo Dodoma navuta faiba majumbani. Kuna za kupinda kwenye kona kali bila kupoteza mwanga, kweli au stori za dukani?

Kibajaji_Net: Kweli kabisa mkuu. Soma maandishi kwenye ganda la waya, ukiona G.652D, ile ya kawaida, nusu kipenyo (radius) cha mkunjo kisipungue milimita 30, ila G.657.A2, ile ya kupinda, unashuka mpaka 7.5. Mi nyumba zenye kona kona sivuti kingine.

mama_laser: Mimi inayonikosha ni ile ya kusikiliza. Unarusha laser ndani, glasi inarudisha mwanga kidogo sana, sasa ardhi ikitikisika ule unaorudi unabadilika na mashine inajua ni mita ya ngapi, yani waya mmoja unakuwa sensa kwa makumi ya kilomita! Wenzetu wanalindia mabomba ya mafuta na reli. Sisi tuna SGR na matetemeko ya bonde la ufa, vijana wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) waichangamkie jamani.

Kibajaji_Net: Na kuna faiba yenye tundu katikati, mwanga unapita kwenye hewa ya humo ndani karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwenye glasi ni kama 200,000. Microsoft walinunua kampuni ya Lumenisity ya Uingereza 2022 kwa ajili ya faiba hiyo.

fundi_nkuhungu: Shukrani sana, kesho naulizia A2.