Huyu mzee wa gatini amenipa KIOO mbele ya mkwe wangu. KIOO!

Mpasua_Mbao_Langoni

Nimetoka gatini sasa hivi, sijavua hata viatu, mikono yatetemeka. Nipeni pole kwanza, maswali baadaye.

Yule bwana mnamjua, simtaji. Yule wa kofia, mwenye kiti chake pale gatini. Mashua ikifunga tu, yeye ndiye afisa forodha, yeye ndiye daktari, yeye ndiye fundi injini. Hajawahi kushika bisibisi maishani mwake, lakini kitu kikitoka Mombasa kuingia Lamu lazima kipite machoni mwake kwanza.

Leo nimeshuka na pawa yangu, msumeno wa injini. Mpya, ndani ya boksi lake. Nimesafiri nayo basi zima kutoka Mombasa nimeipakata kama mtoto mchanga, jirani yangu akaniuliza kama inanyonya. Mkwe wangu kaja kunipokea gatini, maana ule mwembe wake ulioanguka shambani Hindi, kule bara, ndio tunataka kuupasua mbao. Gogo lenyewe watu wawili wakilikumbatia vidole havikutani. Mzee kaniambia, "Nakuachia wewe." Miaka 14 ya ndoa, mara ya kwanza kuniachia kitu kisichokuwa bili.

Basi bwana yule akasema, "Hebu tuone." Akafungua boksi yeye. Akainyanyua kwa mkono mmoja. Akaiweka sikioni kama simu. Watu wanaanza kukusanyika. Kisha akatia mkono mfuko wa kanzu, akatoa kioo. Kile kioo kidogo cha duara cha kinyozi, nyuma kina picha ya waridi. Akanishikisha mkononi, akasema kwa sauti ya kuadhini:

"Mwanangu, wamekuuzia mashine ya ndevu wakasahau kukupa kioo."

Gati lote likacheka. Wapagazi wakacheka. Watalii wasiojua hata "jambo" wakacheka. Punda watatu waliobeba saruji wakasimama wakacheka. Mkwe wangu akajifanya anakohoa, na alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

KIOO. Mimi mtu wa miaka 41, nina watoto watatu, nimesimama gatini nimeshika kioo. Na kibaya kuliko vyote, wallahi sijui ni shetani gani, NIKAJITAZAMA. Nimepewa kioo, nikajitazama! Ndipo kicheko cha pili kikaja, kikubwa kuliko cha kwanza.

Kama una hoja, toa hoja. Usimpe mtu kioo. Mtu wa aina hii tumfanye nini? Mimi napendekeza asiamkiwe mwezi mzima.

FundiTupa

Pole sana. Injini yake ni cc ngapi?

Mpasua_Mbao_Langoni

Hilo silo jambo. Jambo ni kioo.

FundiTupa

cc ngapi, ndugu yangu.

Mpasua_Mbao_Langoni

45. Lakini muuzaji aliniapia ina nguvu za punda watatu.

NahodhaMstaafu

Wale wale waliokucheka?

Kombo_wa_Mbao

45cc gogo la kukumbatiwa na watu wawili 😂😂😂 Mzee wa gatini apewe ofisi.

MtotoWaGanda

Mimi niko Malindi na kicheko kimenifikia huku. Swali moja: basi la Mombasa si hupita Hindi kabla ya kufika Mokowe kwenye mashua? Mti uko Hindi. Pawa ilivuka bahari kwenda kisiwani kutafuta nini?

Kombo_wa_Mbao

Alikuja kuionyesha gatini. Ikaonyeshwa.

Mpasua_Mbao_Langoni

Mkwe anakaa mjini! Nilitaka aione! Mbona hamuulizi mtu mzima anatembeaje na kioo mfukoni? Kwani alijua nakuja?

Bi_Mkomani

Kioo anacho siku zote, ana sharubu. Umemrudishia?

Mpasua_Mbao_Langoni

Bado. Kiko mfukoni mwangu.

Bi_Mkomani

Basi umemwibia mzee wa watu.

FundiTupa

Tuache mzaha kidogo, kijana asije akaunguza pesa. Kukata mti na kupasua mbao ni kazi mbili mbalimbali. Ukikata gogo mapande, pawa inaunguruma dakika moja, unapumzika. Ukipasua kwa urefu, injini iko moto wa mwisho dakika kumi, kumi na tano, bila kupumua. Ndiyo maana wapasuaji huanzia 70cc kwa magogo ya wastani, na gogo pana hutaka 90 kwenda juu. Stihl 660 ni 91.6cc. Ile 070 ya zamani ni 106cc, mzunguko wake si wa kasi lakini inavuta kama trekta. 881 ni 121.6cc. Husqvarna 3120 ni kama 119cc. Hizo ndizo mashine. Na hakuna hata moja utakayoiweka sikioni kama simu, 070 peke yake bila bapa ni kama kilo 10.

Bapa nalo, ule upanga unaozungukwa na cheni. Gogo likiwa na inchi 30, usinunue bapa la inchi 30. Fremu ya kupasulia inafungwa juu ya bapa na inakula inchi nne hivi, kwa hiyo tafuta 36. Na meno ya cheni ya dukani yamenolewa kwa pembe ya nyuzi 30, kwa ajili ya kukata gogo mapande. Ya kupasulia hunolewa nyuzi 10 au karibu na hapo, ubao unatoka laini, hauna mawimbi. Hii 45 yako ina bapa inchi ngapi?

Mpasua_Mbao_Langoni

18. Nimesoma maelezo yako yote, hakuna mahali umetaja kioo.

FundiTupa

18 ukitoa fremu inabaki 14. Utapasua muhogo.

MtotoWaGanda

Mimi nina 070, mleta uzi, na natamani ningekuwa na tatizo lako la kioo. Wewe umechekwa tu. Mimi jirani alikuja kuniazima "kwa nusu saa tu, kuna mwarobaini umelalia choo." Nikampa, ujirani. Akaiweka petroli tupu. TUPU. Hakutia hata tone la oili. Ilirudi jioni imebebwa kwenye toroli, imefunikwa kanga kama maiti. Nikavuta kamba, haivutiki. Nikafungua ekzosi nikachungulia pistoni kwa tochi ya simu, ina mikwaruzo kama imepigana na paka. Na yule mtu akaniambia, "Ilikuwa na shida tangu mwanzo."

Ilikuwa na shida tangu mwanzo!

FundiTupa

Lita moja ya petroli, mililita 20 za oili ya tustroki. Lita tano, mililita 100. Hesabu ya mtoto wa darasa la nne. Na ukimaliza kupasua usiizime ghafla, iache ingurume taratibu dakika moja mbili ipoe.

MtotoWaGanda

Mwambie yeye. Mimi najua. "Tangu mwanzo"! Mashine iliyopasua boriti za nyumba yake yeye mwenyewe!

Mzee_wa_Matondoni

Ndoo huku Matondoni, mwanangu, tukupe pole ya kweli. Nyinyi mnagombana cc. Sisi mbao za majahazi tulipasua kwa msumeno wa watu wawili, moya yuu ya gogo, moya chini shimoni. Wa yuu ndiye afuatae mstari. Wa chini hula unga wa mbao tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mato mekundu, akikohoa anakohoa ubao. Mstari twapiga kwa uzi uliochovywa masizi: watu wawili wauvuta, wa tatu auinua katikati kwa vidole viwili, auwachia, pa! Mstari mweusi umenyooka gogo zima. Na msumeno ule ulitafuna mti kidogo sana. Hizo pawa zenu zala.

Kombo_wa_Mbao

Hapo mzee kasema kweli. Cheni inakula karibu milimita 10 kila inapopita. Ukipasua mara tano, ubao mzima wa inchi mbili umekuwa unga wa kufukuzia mbu.

NahodhaMstaafu

Mzee, wewe ulikuwa wa juu au wa chini?

Mzee_wa_Matondoni

Wa chini. Ndiyo maana sina subira na watu.

Bi_Mkomani

Mimi nisemeje? Kuna mmoja nyuma ya nyumba yangu ana hiyo pawa, huiwasha saa nane mchana. Saa nane! Mji mzima umelala, hata paka wamelala, yeye ndiyo kwanza anapiga kamba. Tena haiwaki mara moja. Ni rrr, rrr, rrr, kimya. Unaanza kusinzia. Rrr, rrr. Afadhali iwake nijue moja.

Kombo_wa_Mbao

Hiyo ni plagi chafu.

Bi_Mkomani

Chafu ni tabia.

Mpasua_Mbao_Langoni

Jamani, tulikuwa tunazungumzia kioo.

FundiTupa

Na mbona hakuna aliyekuuliza kuhusu mwembe wenyewe? Umeanguka lini? Ubao wa mwembe ni laini, ukikaa chini na unyevu unaota ukungu wa buluu, na wadudu wanaanza harusi humo ndani. Ukishapasuliwa upange kivulini penye upepo, vijiti kati ya ubao na ubao, ncha zote mbili uzipake rangi zisipasuke. Ungekuwa mwarobaini ningekwambia usiwe na haraka, mwarobaini wadudu wanauogopa.

Mpasua_Mbao_Langoni

Umeanguka kabla ya Ramadhani.

FundiTupa

Basi harusi imeshafika siku ya saba.

Kombo_wa_Mbao

Mwembe wa kazi gani? Mbao ni mbambakofi. Milango ya Lamu mliyonayo mpaka leo mnafikiri ni mwembe?

MtotoWaGanda

Mbambakofi utautoa wapi sasa hivi, na kwa kibali cha nani? Mimi mbao za mwarobaini wa shambani kwangu mwenyewe zimesimamishwa barabarani. Tangu ile marufuku ya ukataji miti ya 2018 kila mwenye filimbi amekuwa mtaalamu wa mbao. Mleta uzi, kabla ya kuwasha hiyo mashine ya ndevu kamuone mtu wa misitu, na mbao zako zikitoka Hindi ziwe na karatasi yake ya kusafirishia.

Mpasua_Mbao_Langoni

USIIITE MASHINE YA NDEVU.

NahodhaMstaafu

Kijana, mimi nimempita yule bwana gatini magharibi hii. Anauliza kioo chake kiko wapi, hawezi kupunguza sharubu. Ametuma salamu: ukimletea, atakupa namba ya mtu wa Mpeketoni mwenye 660 na fremu, anapasua kwa siku.

Mpasua_Mbao_Langoni

Simpelekei.

(Huyo mtu wa Mpeketoni anatoza ngapi?)

Kombo_wa_Mbao

😂😂😂

MtotoWaGanda

Akikukodisha mashine, umwone akichanganya mafuta kwa macho yako. Kuazimana kumeniua mimi. "Tangu mwanzo."

Bi_Mkomani

Kuazimana usiniambie. Sufuria langu la pilau, lile la kilo 20, limechukuliwa kwa arusi tangu mwaka jana. Kila nikiuliza naambiwa liko kwa fulani. Nikienda kwa fulani, liko kwa shangazi yake. Sufuria linatembea kuliko mimi.

NahodhaMstaafu

Lina alama?

Bi_Mkomani

Sikio moja limepinda, na nimekwaruza herufi chini kwa msumari.

Mpasua_Mbao_Langoni

Tusitoke kwenye mada. Mbele ya mkwe wangu, jamani.

Kombo_wa_Mbao

Sikio la kulia au la kushoto? Kuna sufuria kama hilo niliona Shela wiki iliyopita, kuku wanalinywea maji.

Bi_Mkomani

KUKU?!