Majaji, farasi akipagawa uwanjani ndiyo anapewa utepe wa kwanza?

Wakuu, hili nimekaa nalo tangu Jumamosi na bado halijashuka kooni.

Nilimpeleka jike wangu wa miaka mitatu kwenye mashindano ya farasi wa kuongozwa kwa mkono, yaani hapandwi mtu, jaji anaangalia umbo na mwendo. Mbele yetu kwenye mstari kulikuwa na dume, kamba yake ina mnyororo, na aliyemshika ananing'inia kama shati kwenye upepo. Dume anakoroma, weupe wa macho nje, povu shingoni, anarudi kinyumenyume kuja kwetu. Mara mbili kwato zake zimepita karibu kabisa na kifua cha jike wangu. Namwomba jamaa asogee, ananijibu, "Leo ana mzuka tu." Mzuka! Mnyama wa kilo 500 hivi ana mzuka na mimi niko nyuma yake.

Nikajua jaji atasema kitu. Wapi! Dume kuitwa atembee, akaenda kiubavu kama kaa. Kuambiwa mchakamchaka, akarusha mateke, akasimama kwa miguu ya nyuma, kisha akawa anamzunguka mshikaji wake. Jaji anatabasamu, anamwambia aanze upya. Mara tatu! Wangu alienda mara moja, kamba imelegea, akageuka vizuri, akaja akasimama ametulia. "Asante, rudi kwenye mstari."

Dume wa kwanza, sisi wa tano. Kuuliza kwa heshima, naambiwa wangu "amelala, hana mvuto".

Hebu nielewesheni. Jaji anamtaka farasi aondoke na kurudi kwa mstari ulionyooka ili aone kama miguu inatupwa nje au inagongana, halafu apite ubavuni auone urefu wa hatua. Yule dume hata hatua nne zilizonyooka hakupiga. Sasa jaji aliona nini? Mgongo ukikakamaa hatua zinakuwa fupi na za juu juu, zinamvutia asiyejua.

Najua watu wa farasi wa Kiarabu watanijia juu, kwamba kwao mkia juu na kukoroma ndiyo mambo yenyewe. Sawa. Ila hata karatasi ya alama ya ECAHO, muungano wa vyama vya farasi wa Kiarabu wa Ulaya, ina vipengele vitano na mwendo ni kimoja tu. Na mwenye ari bado anamsikiliza aliyemshika. Yule alikuwa na hofu, simlaumu hata kidogo. Namlaumu aliyemshindilia nafaka, akamfungia bandani, kisha akamleta kwenye vipaza sauti.

Jaji ana uwezo wa kumtoa farasi hatari. Nimewahi kumwona mama mmoja akifanya hivyo bila kelele: "Mzungushe nje, akitulia mrudishe." Akarudi, akashika nafasi ya pili.

Nyuma yangu Jumamosi alikuwepo binti mdogo na farasi wake mfupi. Dume aliporusha teke la pili, binti akageuza farasi wake akatoka uwanjani kabla hajaitwa. Jaji hakuuliza hata kaenda wapi.