Je, kutenga maeneo ya bahari kunawasaidia wanyama wanaohama?

Mwanafunzi wa Maji:
Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Mwaka 2022 mataifa yalikubaliana mjini Montreal kwamba ifikapo 2030 asilimia 30 ya bahari iwe inahifadhiwa, nami siipingi nia hiyo. Kinachonitatiza ni kwamba bahari haina ua. Kasa hutaga ufuoni kisha huenda kulisha mamia au maelfu ya kilomita mbali, kwa hiyo sioni mstari wa kwenye ramani unamfaa nini mnyama ambaye kesho atakuwa nje yake. Je, kuna mahali ambapo kufunga eneo kumezaa matunda?

Mpiga Mbizi:
Yapo, ila tutofautishe wanyama. Samaki wengi wa miambani hawahami mbali, na hao ndio wanaonufaika kwanza. Pale Leigh, New Zealand, eneo dogo la kilomita za mraba zipatazo tano lilifungwa mwaka 1975, wakati miamba yake ilikuwa mitupu kwa sababu wanyama wadogo wenye miiba, walao mwani, walikuwa wamezidi kupita kiasi. Samaki wakubwa na kambakochi waliporudi, waliwala wale wenye miiba, na misitu ya mwani ikaota upya pole pole, kwa miaka mingi. Hakuna aliyepanda mwani huo. Huko Cabo Pulmo, Mexico, palipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1995, uzito wa samaki kwa eneo uliongezeka kwa zaidi ya asilimia 400 kati ya 1999 na 2009, na jambo la kuzingatia ni kwamba wavuvi wa hapo wenyewe ndio waliosimamia katazo hilo.

Fundi Nyavu:
Mwenzangu ametaja palipofanikiwa, nami nitataja palipokwama. Vaquita, aliye mdogo kuliko jamaa zake wote wa ukoo wa pomboo na nyangumi, anaishi katika Ghuba ya California peke yake na wala hahami, na mwaka 2005 alitengewa hifadhi. Hata hivyo leo wamebaki pungufu ya 20, kwa sababu nyavu za kutegea samaki aitwaye totoaba, ambaye kibofu chake cha hewa huuzwa kwa magendo kwa bei kubwa, zina matundu yanayomnasa vaquita vilevile. Hivyo basi, ndugu muulizaji, tatizo lako si uhamaji tu.

Kwa upande wa kasa, ninaamini chombo cha kuvulia kina uzito kuliko mpaka. Kasa hupumua hewa, kwa hiyo akikokotwa ndani ya wavu wa kuvulia kambamiti kwa muda mrefu hufa maji. Ukifunga wavuni kichanja cha vyuma vilivyoinamishwa, kambamiti hupita katikati ya vyuma hadi mkiani mwa wavu, naye kasa hutokea kwenye mlango uliokatwa juu au chini. Wavuvi hulalamika kwamba baadhi ya kambamiti hutoroka hapo, na malalamiko hayo si ya uongo, ndiyo maana kifaa kikikosa ukaguzi mlango hufungwa kwa kamba ya katani.

Mlinzi wa Zamu:
Nyangumi nao wana somo lao. Katazo la kimataifa la kuwawinda kibiashara nyangumi wenye nundu, lililokamilika katikati ya miaka ya 1960, liliwasaidia sana kuongezeka tena. Nyangumi wa Atlantiki ya Kaskazini wanaoitwa "right whale", ambao uwindaji wao ulikatazwa tangu miaka ya 1930, bado hawafiki 400, maana wanagongwa na meli na kunaswa na kamba za mitego. Kwao, kupunguza mwendo wa meli kuna faida kuliko hifadhi yoyote iliyo mbali na njia zao.

Mwanafunzi wa Maji:
Nashukuru, nimeelewa kwamba nilikuwa nimechanganya maswali mawili. Limebaki moja: nje ya maji ya nchi yoyote, nani anaweza kufunga eneo?

Mpiga Mbizi:
Mkataba wa bahari kuu, uliopitishwa katika Umoja wa Mataifa mwaka 2023 na kuanza kutumika Januari 2026, unaziwezesha nchi wanachama kutenga hifadhi huko kwa pamoja. Lakini haukuziondolea mamlaka jumuiya za kikanda zinazosimamia uvuvi wa jodari na wengineo, kwa hiyo hifadhi itakayotangazwa bila jumuiya hizo kukubali huenda ikaendelea kuvuliwa.